Tuwasifu wa Kale bila Kuwaonea wa Leo

Ukitoka pwani ukapanda bara hata ukafika Nakuru, masikio yako ndiyo yatakayokukaribisha kabla ya macho. Utaambiwa kuwa uwanja wa mpira unaitwa Afraha, na kwa sikio la mtu wa Mombasa au Lamu jina hilo ni ndugu wa furaha. Utaambiwa mtaa mmoja unaitwa Shabab, nawe unajua kwamba shabab ni vijana. Mwengine unaitwa Bondeni, mwengine Kivumbini, mwengine Ponda Mali. Wenye kuyataja majina haya ni Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wanubi na wengineo, na wote huyataja bila ya kujiuliza yametoka wapi. Mtu wa pwani hajioni mgeni sana katika mji huo.

Mimi nilifika huko mapema mwaka 2015, kwa shughuli za jamaa yangu mmoja aliyeoa huko. Jioni moja, baada ya swala ya magharibi, nilikaa na watu kwenye baraza ya duka pale Bondeni, tukinywa chai ya tangawizi. Hapo ndipo nilipousikia ugomvi ambao mpaka leo haujanitoka kichwani. Naomba msomaji anivumilie niueleze, maana nadhani unatuhusu sisi wa pwani kuliko tunavyodhani.

Wakati huo timu ya Nakuru AllStars ilikuwa imepanda daraja na kuingia Ligi Kuu. Msimu ulikuwa karibu kuanza. Kijana mmoja alikuwa na orodha ya wachezaji wapya, akawa anasoma jina moja moja kwa sauti kama karani anayeita watu mahakamani. Kila alipotaja jina, mzee mmoja aliyevaa kofia alitikisa kichwa.

"Huyu ni winga," kijana akasema.

"Winga?" mzee akauliza. "Mwanangu, wewe hujapata kuona winga. Kipya kinyemi ingawa kidonda."

Kijana akakunja ile karatasi. Akamjibu kwa adabu, lakini kwa uchungu: "Mzee wangu, hao unaowasifu sisi hatukuwaona hata kwa picha. Basi hawa wetu washindane na watu wa hadithi?"

Baraza ikagawanyika pande mbili. Wa upande wa mzee wakasema vijana wa siku hizi wanapenda pesa na viatu vya rangi, hawapendi mpira. Wa upande wa kijana wakasema wazee wanasifu wafu kwa sababu wafu hawakosi mabao. Maneno yakapanda, vikombe vikapoa, na muadhini wa isha ndiye aliyetutenganisha.

Nimeufikiri ugomvi ule kwa muda mrefu. Rai yangu ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki nusu nusu, na kwamba mwenye makosa hasa hakuwapo barazani.

MABINGWA WA KWANZA

Kwanza tumpe mzee haki yake. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru. Mabingwa wake wa kwanza hawakutoka Nairobi, wala Kisumu, wala Mombasa. Walitoka Nakuru, nao ndio AllStars. Mwaka 1964 ubingwa ulichukuliwa na Luo Union. Mwaka 1965 uliteremka kwetu pwani, ukachukuliwa na Feisal ya Mombasa. Abaluhya wakautwaa mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Gor Mahia wakautwaa mwaka 1968, na huo ndio mwaka walioanzishwa. Kisha mwaka 1969 ubingwa ukarudi tena Nakuru.

Hebu fanya hesabu, ndugu msomaji. Katika miaka saba ya mwanzo, mara tatu ubingwa ulikwenda kwa timu za miji ambazo majina yao hayakutaja kabila la mtu wala kampuni ya mtu. AllStars mara mbili na Feisal mara moja. Lile jina AllStars lenyewe linasema: nyota wote. Watu wa mji walichagua waliokuwa bora, wakawavisha jezi moja.

Baada ya hapo mlango ukafungwa. Tangu mwaka 1969 AllStars hawajachukua ubingwa tena, na tangu mwaka 1965 hakuna timu yoyote ya Mombasa iliyouchukua. Miaka ya sabini ikawa ya Gor Mahia, Abaluhya, Luo Union na Kenya Breweries, yaani timu zenye kabila kubwa nyuma yao au zenye kiwanda nyuma yao. Kwa hiyo mzee wa Bondeni anaposema kuwa alishuhudia kitu ambacho vijana hawajakiona, anasema kweli. Aliuona mji wake ukiwa wa kwanza katika nchi nzima. Si jambo dogo, na si haki kumcheka.

SHAHIDI ASIYEONA

Lakini sasa tumpe kijana naye haki yake.

Kumbukumbu ya shabiki ni chekecheo. Hubakisha mabao na kuangusha makosa. Winga wa mwaka 1963 hajapoteza mpira hata mara moja tangu alipostaafu, na kila mwaka unaopita anazidi kuwa hodari. Mlinda lango wa siku zile hafungwi tena. Kijana wa leo yeye anahukumiwa kwa mechi ya Jumamosi iliyopita, tena na watu walioiona kwa macho yao na wenye hasira bado. Mashindano gani hayo?

Nikaona jambo jingine. Katika wale waliokuwa wakimuunga mkono mzee kwa sauti kubwa, wengi walikuwa watu wa umri wa miaka thelathini au arubaini. Hesabu ya kawaida inaonyesha kuwa hawakuwa wamezaliwa AllStars walipochukua ubingwa wa mwisho. Walikuwa wanaapa juu ya krosi ambazo hawakuziona na vichwa ambavyo hawakuvishuhudia. Sisi ni watu tuliofundishwa tangu chuoni kwamba habari ina mlolongo wake: fulani kasikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani, na kila mmoja wao anajulikana alikuwa mtu wa namna gani. Katika mambo ya dini tunadai hivyo, na katika mirathi na mipaka ya mashamba tunadai hivyo. Kwa nini katika mpira tunakubali kila neno bila ya kuuliza limetoka kwa nani, kisha tunalitumia kumvunja moyo kijana wa miaka kumi na tisa?

Kumsifu mtu wa kale ni jambo jema, na tumefundishwa kutaja mema ya waliotangulia. Lakini kuna kumsifu mtu, na kuna kumfanya fimbo ya kumpigia mwengine. Wenyewe wale wa kale, lau wangekuwapo barazani, sidhani wangependa kufanywa fimbo.

Hata hivyo mzee alisema neno moja usiku ule ambalo sikuliona kuwa la kupuuzwa. Alisema: "Sisi hatukujua mpira wao tu. Tulijua na mama zao." Maana yake ni kwamba mchezaji alikuwa jirani. Mlikutana naye sokoni, mkamuona akienda kazini asubuhi, na akikosa bao siku ya mechi alijua kwamba kesho yake atapita mbele ya watu wale wale. Lile karatasi la kijana lilikuwa na majina, lakini watu wa baraza hawakujua mwenye jina anakaa nyumba gani. Msimu ukiisha majina yale yangetawanyika, na mwaka wa pili angeleta karatasi jingine. Mzee hakuwa akilalamikia winga. Alikuwa akilalamika kuwa hamjui.

KIKAPU CHA CHUONI

Alikuwapo pale barazani kijana mwengine, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Njoro, anayecheza mpira wa kikapu. Alikuwa kimya muda mrefu. Mwisho akasema kwamba kwao chuoni ugomvi huu huwapo kila mwaka, kwa kuwa kila mwaka wachezaji wao wazuri wanahitimu na kuondoka, na wageni wanaingia. Hapana mwaka ambao orodha si mpya. Lakini timu haifi, kwa sababu chuo kipo. Anayeondoka ameondoka kwenye nyumba, na nyumba imebaki imesimama.

Maneno yale yalinikumbusha habari moja ya Marekani, ambako mpira wa kikapu wa vyuo una mashabiki wengi ajabu. Chuo Kikuu cha UCLA kule Los Angeles kilikuwa na kijana mrefu aliyeitwa Lew Alcindor. Kijana huyo aliingia katika Uislamu, na ulimwengu ukaja kumjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Aliipa timu ya chuo chake ubingwa wa vyuo vya nchi nzima mara tatu mfululizo, 1967, 1968 na 1969, kisha akahitimu akaenda zake. Mtu angedhani yamekwisha. Hayakwisha. Chini ya kocha yule yule, John Wooden, UCLA ilichukua ubingwa mwaka 1970, 1971, 1972, 1973, na tena 1975. Jumla ni mara kumi katika miaka kumi na miwili, kuanzia 1964. Na jezi aliyovaa Kareem, namba 33, ilitundikwa, hapewi mchezaji mwengine wa timu hiyo.

Tazama mambo mawili hapo. La kwanza, walijua kuachana na mtu: mchezaji akimaliza muda wake anaondoka, na anayekuja anapewa nafasi yake. La pili, walijua kumuweka mtu: jina lake limeandikwa, jezi yake imetundikwa, na mgeni akiingia ukumbini anaonyeshwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtukana mpya ili wa kale asisahauliwe, kwa sababu wa kale ameshawekwa mahali pake.

Sitaki msomaji adhani kuwa kule mambo ni pepo tupu. Tangu mwaka 2021 kanuni zimelegezwa, wachezaji wa vyuo wanahama chuo kimoja kwenda kingine kwa wepesi na wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina yao katika matangazo. Siku hizi mashabiki wa kule nao wanalalamika kama mzee wetu wa Bondeni, kwamba orodha inabadilika kabla hawajajifunza majina. Ugonjwa ni ule ule popote pale: mtu hupenda timu yenye watu anaowajua.

Mwaka 1969, Kareem alipoondoka UCLA, ndio mwaka AllStars walipochukua ubingwa wao wa pili na wa mwisho. Timu moja ilikuwa na nyumba nyuma yake, na nyingine ilikuwa na mapenzi ya watu tu. Mapenzi ni kitu kikubwa, lakini mapenzi peke yake hayaweki daftari.

YA MAUA NA YA BUNDUKI

Mtu anaweza kuniuliza: mbona Bonde la Ufa limechukua makombe mengine baadaye? Ni kweli, na hapo ndipo penye fundisho.

Ukitoka Nakuru kuelekea Nairobi utapita Naivasha, mji wa ziwa na mashamba ya maua yanayopelekwa Ulaya kwa ndege. Shamba moja la maua, Oserian, lilikuwa na timu iliyoitwa Oserian Fastac. Timu hiyo ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2001, na ikauchukua tena mwaka 2002. Mabingwa mara mbili mfululizo, kutoka kwenye maua! Baadaye ikashuka, na siku hizi jina lake halimo katika Ligi Kuu. Timu ya shamba jingine la huko huko, Karuturi, nayo ilipanda ikacheza Ligi Kuu, ikashuka, na mwaka 2014 kampuni yenyewe ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni.

Kisha kuna Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyoundwa mwaka 1995. Ilichukua ubingwa mwaka 2003, 2004 na 2005, na tena mwaka 2010 chini ya kocha Benjamin Nyangweso, wakati huo nyumbani kwake kukiwa ni Afraha. Watu wa Nakuru waliipenda. Walimshangilia Stephen Waruru alipokuwa mfungaji bora wa ligi mwaka 2011, na John Makwatta alipofanya hivyo mwaka 2016. Lakini mchezaji wa Ulinzi ni askari kwanza, na askari hukaa anapoamriwa kukaa. Miaka ya karibuni timu imekuwa ikicheza mechi zake za nyumbani kule Lang'ata, Nairobi. Afraha ikabaki na mwangwi.

Simlaumu mwenye shamba wala simlaumu mwanajeshi. Waliweka fedha zao, wakawalipa vijana mishahara, wakaleta makombe. Aliyetoa ndiye mwenye kuamua. Lakini tazama jambo lilivyo: mji wa Nakuru na jirani yake Naivasha wameona mabingwa mara nane, na katika mara sita za mwisho mashabiki hawakuwa na neno lolote. Timu ilikuja bila ya kuwauliza, na ilipoondoka haikuwaaga. Waliachiwa kazi moja tu, kukaa barazani na kubishana kuhusu majina.

Na wale vijana wa orodha ya 2015? Mwisho wa msimu AllStars walishuka daraja, pamoja na timu ya benki ya KCB. Zote mbili zilianguka msimu mmoja. KCB ina benki nyuma yake, ikajipanga ikarudi Ligi Kuu. AllStars, mabingwa wa kwanza wa Kenya, hawajarudi mpaka hivi leo. Nina hakika kwamba wapo watu barazani waliosema: si niliwaambia hawa si wachezaji? Lakini je, kosa lilikuwa la winga? Kijana aliyesajiliwa miezi michache kabla, katika timu isiyo na mwenyewe, alitakiwa abebe peke yake mzigo wa miaka hamsini na mbili. Alipoinama chini ya mzigo tukasema miguu yake ni mibovu.

NA SISI WA PWANI?

Najua kwamba msomaji wa Mombasa ameanza kutabasamu, akidhani habari hizi ni za watu wa bara. Asitabasamu bado.

Kaa kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale, au Majengo, au Likoni, ukataje mpira. Utaelezwa habari za Feisal, za Liverpool, za Mwenge. Utaambiwa habari za Ali Kajo, jinsi alivyokuwa akiwapita mabeki kama maji yanavyopita kwenye vidole. Kila mmoja ana Kajo wake. Kisha Bandari ikicheza na kufungwa, utasikia: lau angekuwapo Kajo! Mwaka 2018 Bandari ilimaliza ya pili katika ligi. Msimu uliofuata, 2018/19, ikamaliza ya pili tena. Ilichukua kombe la mtoano mwaka 2015 na tena 2019. Kwa timu nyingine hizo ni sifa za kutosha. Kwetu sisi ilikuwa ni kosa, kwa kuwa Feisal walikuwa wa kwanza na hawa ni wa pili.

Sasa nikuulize wewe unayemsifu Kajo, na ujijibu mwenyewe bila kumtazama jirani. Unaweza kuwataja wachezaji kumi na mmoja wa Feisal ya mwaka 1965? Unaweza kuwataja watano? Unajua nani kati yao yuko hai, na anakaa wapi, na nani anamtazama akiugua? Sisi ni watu wa nasaba. Tunaweza kumhesabia mtu mababu saba na tukamwambia babu wa nne alioa wapi. Tunahifadhi mashairi yaliyotungwa karne mbili zilizopita. Lakini timu pekee ya Mombasa iliyopata kuwa bingwa wa Kenya tunaiweka katika midomo ya wazee, na wazee wanakwenda mmoja mmoja, na kila jeneza linalopita linachukua ukurasa mmoja.

Hapo ndipo penye dhambi yetu. Tunapiga kelele kuwa vijana wamewasahau wa kale, kumbe sisi watu wazima ndio hatukuwaandika. Mara nyingi jina la mchezaji wa zamani husikika kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi siku ya mchango wa matibabu au wa mazishi. Ndipo kila mtu anapokumbuka bao lake. Laiti tungelikumbuka angali na masikio ya kusikia.

LA KUFANYA

Si desturi yangu kulalamika bila ya kutoa shauri, kwa hiyo nitatoa matatu.

La kwanza ni daftari. Katika kila mji uliopata kuwa na timu yenye sifa, watu wachache waaminifu wakae na wazee waandike: nani alicheza, nafasi gani, mwaka gani, kazi yake ilikuwa nini, mtaa wake ulikuwa upi. Waandike na jina la aliyewaeleza, ili mlolongo ujulikane. Wazee wakigombana juu ya jina, waandike kauli zote mbili. Hili halihitaji serikali wala mfadhili. Linahitaji kalamu, subira na nauli ya matatu. Mzee yule wa Bondeni nilimuona akibishana usiku kucha, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyetoa kalamu mfukoni. Najuta mpaka leo.

La pili ni ukuta. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwezi Desemba mwaka 2021, na katika miaka hii Afraha imekuwa ikijengwa upya kwa fedha nyingi. Viti vipya vitawekwa na majina ya viongozi yataandikwa kwenye mawe ya msingi kama ilivyo desturi. Basi uwekwe na ukuta mmoja tu wenye majina ya wachezaji wa 1963 na wa 1969. Na sisi katika uwanja wetu wa Mombasa tudai ukuta wa 1965. Kijana anayeingia kucheza ayaone majina hayo, ajue kuwa anaingia katika nyumba yenye watu, na mzee anayeketi kutazama asiwe na haja ya kupiga kelele ili marehemu wake wakumbukwe.

La tatu, na ndilo gumu, ni uanachama. Shabiki anayebishana tu barazani hana sauti siku timu inapouzwa, inapohamishwa au inapokufa. Tazameni wenzetu wa Kisii. Timu yao ya Shabana, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2006. Ilikaa huko chini miaka kumi na saba. Watu wake hawakuichoka. Waliifuata kwenye viwanja vya vumbi, waliendelea kuliita jina lake, na mwaka 2023 ikarudi Ligi Kuu. Kila msimu wa miaka ile kumi na saba orodha ya Shabana ilikuwa na majina mapya. Hawakuwaambia vijana wale kuwa si wachezaji kwa sababu si wale wa zamani. Waliwajaza viwanja. Huo ndio ushabiki wenye faida.

Na kwa mchezaji mpya naomba jambo dogo tu: tujifunze jina lake kabla ya kulihukumu. Tumjue anakaa wapi. Tumpe msimu mmoja wa kukosea kama tulivyowapa wale wa kale, maana wao pia walikosea, ila sisi tumesahau.

Siku niliyoondoka Nakuru nilipita tena Bondeni kumuaga yule mzee. Nilimkuta na kijana yule yule, wanazungumza kwa upole, ile karatasi iko mkononi mwa mzee. Akaniaga kwa methali tunayoijua sote: usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamuitikia kwa heshima, nikapanda gari. Barabarani ndipo lilipokuja jibu ambalo ningependa kumpa, nami nampa hapa kwa kuchelewa, na nawapa wazee wangu wote wa baraza za pwani: ni kweli, mzee wangu, mbacha usitupwe. Lakini hata huo mbacha ulikuwa msala mpya siku moja, na aliyeutandika kwa mara ya kwanza hakuambiwa kwamba si msala.